Visanduku Saba vya Kutoka Ureno

Kabla hatujafungua somo letu, ndugu zangu, nivumilieni niwape habari za mzee mmoja. Jina lake silitaji. Si kwamba ana makosa kuliko sisi, ila nawajua ninyi: nikilitaja mtaanza kumtafuta yeye na kujisahau wenyewe.

Mzee huyu alikuwa dereva. Enzi za ujana wake alimwendesha mhandisi mmoja Mreno aliyekuja kusimamia ujenzi wa daraja. Daraja lilipokamilika, yule Mreno akamwachia zawadi ya kuagana, sarafu ya fedha, nzito, yenye merikebu upande mmoja. Akamweleza kwamba kwao hutolewa sarafu za namna hiyo kwa ajili ya ukumbusho, mara ya mabaharia wao, mara ya kanisa la zamani, mara ya ndege wa porini, na watu hawaendi nazo dukani, wanazihifadhi. Basi, mzee akanasa. Kuna watu ugonjwa wao ni mpira. Wa kwake ukawa sarafu za Ureno.

Sasa sarafu ile ya kwanza ilipoanza kuwa nyeusi, akafanya ambacho mama yeyote hapa angefanya. Akachukua majivu na ndimu, akaisugua mpaka ikameremeta. Akampelekea mwenzake mjini, mwalimu mstaafu ambaye naye alikuwa mkusanyaji, akitegemea kupongezwa. Mwalimu akaigeuza mara mbili, akaguna, akasema, "Umeiua hii." Ndipo akamfundisha kwamba sarafu ya ukumbusho haisuguliwi, haishikwi kwa vidole vitupu, na ikija ndani ya kisanduku chake kimefungwa, kibaki kimefungwa hivyo hivyo, maana ukishakifungua umeishusha thamani. Mzee alilishika neno hilo kuliko sisi tunavyozishika zile amri kumi.

Alikuwa na binti, mtoto wake wa pekee. Binti akaenda Lisbon kusomea uuguzi, na huko huko akaolewa. Akaolewa, wapendwa, bila barua ya posa. Mnajua kwetu ilivyo: barua huletwa na mshenga, ndani yake mna kishika uchumba, wazee wanakaa, wanajibu. Hapa hakuna aliyebisha hodi. Mzee aliumia, na tusimcheke, aliumia kweli. Akatangaza mbele ya ukoo kwamba kwa kuwa barua ile haikuja, barua nyingine yoyote hataki kuiona, simu hatapokea, na atakayelitaja jina la binti nyumbani kwake asirudi tena. Binti akaandika mara mbili. Bahasha zote mbili zikarudishwa kama zilivyokuja.

Mwaka uliofuata, dada yake mzee, shangazi wa yule binti, akamletea kisanduku kutoka Ureno. Kifuniko chake kilikuwa cha plastiki inayoonyesha, ndani sarafu ya fedha imelala juu ya kitambaa cha bluu, na pembeni kimezungushiwa selotepu. Barua mzee alirudisha. Sarafu je? Naona mnacheka. Wewe ungerudisha? Akaipokea, akanung'unika kwamba huyu mtoto ana kiburi, anatuma fedha lakini hata salamu hatumi. Yule dada akasimama mlangoni, mkoba begani, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akauliza, "Kaka, huna jibu la kunipa?"

"Sina."

Mzee alidhani anaombwa amsamehe binti. Dada naye, jina la binti lilishakatazwa mle ndani, angeongeza nini? Akaenda zake. Kisanduku kikaingia kabatini bila kufunguliwa.

Ikawa hivyo kila mwaka, kisanduku kimoja, miaka saba. Kila Jumapili akitoka ibadani mzee huvaa glavu zake nyeupe, hupangusa vumbi juu ya vile vifuniko, hutazama fedha yake kupitia plastiki, kisha hufunga kabati. Mwaka wa nane hakikuja kitu. Akaanza kukosa raha. Akajiambia anachokikosa ni sarafu.

Siku moja yule mwalimu akamtembelea. Akavisifia visanduku vyote saba, kisha akaomba kuona vyeti, maana kila sarafu ya namna ile huja na cheti chake, nacho hukaa chini ya kitambaa. Mzee akakataa, akamkumbusha kwamba ni yeye aliyemfundisha asifungue. Mwalimu akamtazama. "Nilikwambia utunze," akasema. "Lakini kama hujawahi kutazama ndani, utajuaje umepewa nini?"

Mzee akavaa glavu zake, wakaleta wembe. Wakakata selotepu ya kisanduku cha kwanza, wakainua kitambaa. Cheti kilikuwepo. Na chini ya cheti palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mwandiko ulikuwa wa mwanamume, na Kiswahili chake kilichechemea. Alimwamkia mzee shikamoo. Alisema anajua amechelewa na amekosa, na kwamba mke wake amemfundisha desturi yetu. Anaomba sasa, kwa heshima, kupewa binti wa mzee. Fedha iliyo juu ya karatasi hii, akaandika, ndiyo kishika uchumba. Mshenga ni shangazi, na jibu apewe yeye.

Mnanielewa, wapendwa? Ile barua ambayo kwa kuikosa mzee aliwafungia watu wote mlango, ilikuwa kabatini kwake. Kishika uchumba alikipokea, akakitunza kwa glavu, na jibu hakutoa miaka yote hiyo. Kwa desturi yetu, nani sasa aliyemkosea mwenzake?

Akakata cha pili, akakata cha tatu. Humo binti aliandika mwenyewe: amejifungua mtoto wa kiume, amempa jina la babu yake. Cha tano kilisema anakuja nyumbani mwezi wa sita, atafikia kwa shangazi wiki mbili. "Baba, ukitaka nije kukuona, mwambie shangazi neno moja tu. Usiposema, nitaelewa." Mzee akaukumbuka ule mwezi wa sita. Dada yake, akidhani kaka ameshasoma, alikuja mara mbili na swali lake lile lile, na mara ya pili macho yalikuwa mekundu, naye mzee akamwonyesha sarafu mpya. Mtoto wake alikuwa mtaa wa pili. Cha saba kilikuwa na mstari mmoja, kwamba hiki ndicho cha mwisho, hatamsumbua tena.

Mzee alikwenda kwa dada yake mchana ule ule kwa miguu, glavu bado ziko mikononi. Dada hakumlaumu. Akapiga namba, akampa simu. Kwa upande wa pili akapokea mtoto, akauliza kitu kwa Kireno. Na mzee huyu mwenye kabati zima la Ureno hakuwa na neno hata moja la kumjibu mjukuu wake. Kireno alichokijua ni kile kilichochorwa kwenye sarafu, jina la nchi na mwaka. Mtoto akamwita mama yake.

"Nani?" binti akauliza.

"Nimefungua," mzee akasema.

"Kipi?"

"Vyote."

Mnangoja niwaambie binti alijibu nini. Siwaambii. Hayo ni ya kwao, na mimi leo nina maneno na sisi.

Sisi tunatunza vizuri sana. Biblia zetu zina mifuko ya zipu, kurasa zake hazijakunjika hata pembe. Mungu amekupa mtoto, umemvalisha. Amekupa kazi, umeishikilia. Mvua mwaka huu imekuja kwa wakati wake, tumesema asante. Tumevipanga kabatini, tunavipangusa Jumapili, halafu tukikaa tunalalamika kwamba Mungu amenyamaza, hata salamu hatumi. Amenyamaza, au selotepu iko vile vile? Yule mzee hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa mtunzaji hodari, na hilo ndilo linalonitisha, maana hata mimi ninayesema hapa nina visanduku vyangu.

Binti alichoka mwaka wa saba. Huyu wa kwetu bado anatuma, na mshenga wake bado amesimama mlangoni anauliza kama tuna jibu. Basi leo ukifika nyumbani, kabla chakula hakijapakuliwa, tafuta wembe ufungue kimoja. Tusimame tuombe.