Gogo la Kindi na Bendi ya Barafu Nyeusi

Nagonga!

— Gonga tusikie!

Nagonga polepole?

— Gonga mpaka masikio yawashe!

Haya, mmeyataka wenyewe, asije mtu baadaye kuniambia kichwa kinamuuma. Sogeeni. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza, maana hadithi hii ina kelele zake na haitaki kushindana na karanga zako.

Palikuwa na nchi inaitwa Ufini, juu kaskazini kabisa, ambako maziwa ni mengi kuliko barabara na theluji ikianza kuanguka haina haya. Mimi sijafika. Na anayetaka kunibishia naye hajafika, kwa hiyo tusikilizane.

Huko aliishi Kindi. Sungura leo apumzike, kila siku yeye tu, mpaka tumemchoka. Kindi ni mnyama mdogo, mwekundu, mkia wake mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Na Kindi huyu alikuwa na gogo lenye uwazi ndani, aliloachiwa na mama yake. Mama alikuwa akiligonga kila dhoruba ya theluji ilipoanza, ili watoto wasikie njia ya kurudi: tipi-tapa, tipi-tapa, du! Wakishaingia wote shimoni mwao juu ya mti, alipunguza mwendo: tipi... tapa... du... mpaka wanasinzia mmoja mmoja. Mama akafa. Kindi hakubaki na kitu kingine chake, si kitambaa, si kijiko. Alibaki na gogo hilo, akalipenda kupita kiasi.

Alikuwa na rafiki, Kunguru, aliyezaliwa na koti jeusi na hajalivua mpaka leo. Kunguru alipiga gitaa la umeme. Umeme aliupata wapi porini? Mimi si fundi umeme, niache. Alipiga: zwiii! zwiii! Kindi naye akagonga gogo: tipi-tapa, tipi-tapa, du!

Siku moja, barafu ikianza kuyeyuka, wakaenda kufanya mazoezi mbele ya pango moja zuri. Hawakujua kuwa humo ndani amelala Dubu. Dubu wa nchi ile, theluji ikianza tu, huingia pangoni, hujikunja na kulala mpaka barafu iyeyuke. Si uvivu, ndivyo mwili wake ulivyoumbwa. Na ukimwamsha kabla hajashiba usingizi, umejitafutia.

Zwiii! Tipi-tapa, du! Mara pango likatikisika. Dubu akatoka, manyoya yamesimama, macho mekundu, kinywa wazi.

Ngrrrooo!

Kunguru akaruka juu ya mti na gitaa lake. Kindi miguu ilimfa ganzi, lakini mikono, kwa woga, ikaendelea kugonga yenyewe. Tipi-tapa, ngrrrooo! Tipi-tapa, ngrrrooo! Lo, ikapatana! Ile ngurumo ikakaa juu ya lile gogo vizuri ajabu, mpaka Kunguru kule juu akashindwa kujizuia, akatia zwiii yake. Walipomaliza wakabaki wanatazamana, wote watatu wanahema.

"Nani huyo alikuwa anaimba?" Dubu akauliza.

Kindi akajibu, "Ni wewe, Mzee Dubu."

Basi hapo ndipo bendi ilipozaliwa. Wakaiita Barafu Nyeusi, na muziki wao ukaitwa hevi metali. Ni muziki gani huo? Ni ule ambao mwimbaji anaunguruma kama mtu aliyeangukiwa na kabati, na watu badala ya kwenda kulinyanyua wanamshangilia.

Na walishangiliwa hasa! Wakapiga kwenye kijisitu kimoja, wakaja panya watatu. Wakapiga tena, wakaja mbwa mwitu ukoo mzima, wakawa wanaitikia: auuuu! Wakaja kulungu wenye mapembe marefu, wakatikisa vichwa mpaka mapembe yakanasana, wakarudi nyumbani wawili wawili kwa lazima. Bata bukini waliokuwa safarini kwenda kusini wakaahirisha safari. Kila palipo na mti palisemwa Barafu Nyeusi, Barafu Nyeusi. Kindi alikuwa halali kwa furaha. Alijiambia, mama, sikia gogo lako linavyoitika nchi nzima.

Lakini sifa ni kitu kitamu, na Dubu hakuwahi kuonja kitu kitamu akaacha kingine kwenye sahani.

Kwanza akataka kisiki cha juu jukwaani. Akasema, "Mimi ndiye mkubwa. Cha juu ni changu." Kindi akajibu, "Chako, Mzee Dubu. Nani atakunyima?" Akapewa.

Kisha akataka samaki wote wanaoletwa na mashabiki. Mimi ndiye mkubwa, cha kwanza ni changu. Chako, Mzee Dubu, nani atakunyima? Kunguru akabaki anadonoa miiba.

Kisha akataka jina. Bendi ikaitwa Dubu na Barafu Nyeusi. Baadaye kidogo ikawa Dubu na Wenzake. Mwishowe ikawa Dubu, basi. Kindi akasema chako, Mzee, ila siku hiyo alisema akitazama chini.

Majira ya baridi yakakaribia. Ziwa kubwa likaanza kuganda, na Dubu akapata wazo. Hakuna uwanja wa kuwatosha wanyama wote wa Ufini, isipokuwa ziwa likiganda. Basi onyesho kubwa kuliko yote litafanyika juu ya ziwa, theluji ya kwanza ikianguka. Kunguru akamkumbusha kwa upole kuwa wakati huo madubu huwa wameshalala. Dubu akacheka. Usingizi, alisema, ni wa wadogo.

Halafu akamgeukia Kindi na kumwambia kama mtu anayeomba chumvi, "Na baada ya onyesho, hilo gogo utaniachia. Nitaimba kwa mdomo, nitapiga kwa mguu. Wewe nenda kaokote mbegu zako."

 Kindi akapanda mtini kwake, akalikumbatia gogo, akalia. Alilia kweli, si kile kilio cha kutaka kuonekana. Majina mchukue, samaki mle, kisiki mkikalie, lakini gogo la mama! Kunguru akamshauri wakimbie. Wakimbilie wapi, Kindi akamuuliza, wakati Dubu anajua kila mti? Akakaa anafikiri huku vidole vinagonga vyenyewe, tipi... tapa... du... Ghafla machozi yakakatika. Akafuta pua kwa mkia, akashuka.

Sasa sikilizeni, maana wanamuziki wa kule wana desturi yao. Ala ikigombewa, hawapigani wala hawapelekani barazani. Wanafanya onyesho, na atakayeumaliza wimbo wa mwisho akiwa amesimama wima, ala ni yake mbele ya mashahidi, na maneno yameisha. Kindi akaenda kwa Dubu, akasema kwa adabu zote kwamba gogo ni la Mzee Dubu, nani atamnyima, ila mambo yafuate desturi ili wanyama wasije wakamsema vibaya mkubwa wao. Dubu akakatazama kale kadude kekundu kanakotaka kushindana naye kusimama. Akacheka mpaka akakohoa, akakubali, akatangaza mwenyewe msitu mzima.

Ikafika siku. Theluji ya kwanza inaanza kudondoka, chembe mojamoja. Kabla ya jambo lolote kubwa, Mfini huingia sauna, na Kindi ndiye aliyejitolea kuiandaa. Sauna ni chumba cha mbao chenye mawe yaliyopashwa moto. Unayamwagia maji, chwaaa, mvuke unapanda. Ndani mna mabenchi kama ngazi, moja juu ya jingine, na la juu kabisa ndilo la heshima. Ndilo pia lenye joto la kuivisha viazi, kwa sababu mvuke hupanda, haushuki, hata anayechemsha chai analijua hilo.

Dubu akaingia, hata salamu hakutoa. "Mimi ndiye mkubwa," akasema. "Cha juu ni changu."

"Chako, Mzee Dubu. Nani atakunyima?"

Akapanda juu na manyoya yake yote. Kindi akakaa sakafuni, karibu na mlango, pua kwenye upenyo. Akamwaga maji: chwaaa! Akamuuliza Mzee kama angependa kushuka kidogo, maana huko juu pana joto sana. Nishuke? Ongeza. Chwaaa! Ashushwe basi hata benchi moja? Ongeza, nimesema. Chwaaa! Dubu akalainika, mabega yakashuka, kope zikawa nzito, raha ikamwingia mpaka kwenye kucha.

Alipotoka, meza ilikuwa tayari. Supu ya samaki, mikate iliyojazwa uji wa shayiri, asali, matunda ya porini. Kindi alikuwa ametenga sahani tatu, moja kubwa na mbili ndogo. Dubu akachukua kubwa. Akachukua na zile ndogo. Kunguru alitaka kulalamika, Kindi akamkanyaga mguu.

Mchana ule ziwani, wee! Wanyama wamejaa mpaka barafu haionekani. Mbwa mwitu mbele, kulungu nyuma yao, panya mabegani mwa kulungu. Dubu akapanda kwenye jukwaa la magogo, juu kabisa, spika za bendi zimepangwa chini mbele yake. Wimbo wa kwanza: zwiii! Tipi-tapa, du! Ngrrrooo! Ziwa lote likaruka. Wimbo wa pili: ngrrroooo... ulikuwa mrefu kidogo na wa chini kidogo, lakini mashabiki wakaupenda zaidi. Shibe imekaa tumboni, joto limekaa mwilini, theluji inaanguka polepole usoni.

Ukaja wimbo wa mwisho. Dubu akafungua kinywa.

Ngrrroo... khorrr... fiii.

Mashabiki wakapagawa! Huu ni mtindo mpya, wakaambiana, hakuna aliyewahi kuunguruma hivi. Auuuu! Mapembe, kwa! kwa!  Kelele zile zingemwamsha Dubu, na Dubu akiamka gogo limekwenda. Kindi akafumba macho. Akalipunguza gogo kama alivyolipunguza mama.

Tipi... tapa... du...

Khorrr... fiii.

Tipi... tapa... du...

Mara Dubu akafumbua jicho moja. Yuko wima bado, anayumba. Akasema kwa sauti nzito, "Nani... huyo... anaimba?"

Kindi hakuacha kugonga. "Ni wewe, Mzee Dubu."

Dubu akatabasamu, akafumba jicho. Akaegemea kushoto. Akaegemea kulia. Halafu akaja mbele, kutoka juu kabisa, mzima mzima, puuu! juu ya spika zote za bendi. Gitaa likalia zwi, likanyamaza. Waya zikatoa cheche, zikanyamaza. Ziwa zima likawa kimya, na katika kimya kile kikasikika kitu kimoja tu, kigogo kidogo kinamalizia wimbo wake, tipi-tapa, tipi-tapa, du. Kindi akasimama kando ya gogo, wima.

Mbwa mwitu mzee akatazama kilicholala, akatazama kilichosimama, akatangaza kuwa gogo ni la Kindi, na mashahidi wote wakaitikia. Wakamfunika Dubu kwa matawi, wakatawanyika. Barafu Nyeusi ikafia pale pale, maana bila spika na bila ngurumo, hevi metali inakuwa mtu na kijiti tu. Kindi alilia tena kidogo njiani. Bendi ilikuwa tamu, asikudanganye mtu. Lakini gogo alikuwa amelibeba mgongoni.

Barafu ikaja ikayeyuka. Mmesahau Dubu alilala wapi? Ziwani! Siku hiyo ikasikika chubwi! na baada ya muda Dubu akatokea chini ya mti wa Kindi, anachuruzika maji, na swali lake ni moja. Je, wimbo wa mwisho aliumaliza?

Kindi akachungulia, mkono mmoja juu ya gogo. "Wewe ulianza ukaimba majira yote ya baridi, Mzee Dubu, bila kupumzika. Hakuna mnyama aliyewahi kuimba wimbo mrefu hivyo. Sisi wadogo tulishindwa, tukaenda kulala."

Dubu akafikiri. Akajiona kweli koo limemkauka. Kifua kikamvimba. "Mimi ndiye mkubwa," akasema.

"Ndiwe, Mzee. Nani atakubishia?"

Akaondoka anatembea kwa madaha, gogo hata hakulikumbuka, na mpaka leo anamsimulia kila anayekutana naye habari za wimbo ule. Na dhoruba ya theluji ikianza, watoto wa Kindi husikia njia ya kurudi nyumbani.

Sasa funzo, maana najua hamwondoki bila funzo. Wanangu, muwe na adabu kwa wakubwa. Mkubwa akitaka kiti cha juu, mpeni. Akitaka sahani kubwa, mpeni, na zenu mwongezeeni. Akisema ongeza moto, msibishane naye, ongezeni kuni. Hakuna adabu inayopotea bure.

Nimegonga!

— Tumesikia!

Aliyesinzia?

— Ndiye aliyeimba!

Basi gogo nalirudisha mtini, kila mtu kwake. Na wewe wa karanga, mbona hukunibakishia?