Pimbi na Mtungi wa Forosadi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na wakwe, aliishi Pimbi. Si panya, watoto, wala si sungura aliyekatwa masikio. Pimbi ni pimbi, na huyu jina lake lilikuwa Mwatime.

Wakati mmoja Bwana Kongoni alikuwa akimwoza binti yake. Nyasi zilikuwa kavu, kwa hiyo alipiga marufuku moto: kila mgeni alete chakula kisichopikwa. Pimbi aliambiwa alete kitu kitamu cha kumalizia.

"Na kama kawaida," alisema Tembo kwenye kikao cha maandalizi, "tutapakua kwa ukubwa. Mimi, Kifaru, Kiboko. Wadogo baadaye."

"Baadaye huwa hakuna kitu, mzee," alisema Pimbi. "Wanangu hawajawahi kuonja kitamu arusini. Mwaka jana walilamba upawa mtupu."

"Wana bahati! Niliulamba mimi kwanza!" alisema Kifaru.

Wakacheka mpaka tumbo la Kiboko likanguruma: bu-bu-bu!

Pimbi alirudi nyumbani na hasira zake. Alichuma forosadi zilizoiva zikawa nyeusi tii, akazikoroga na asali. Akaponda biskuti alizooka kabla ya marufuku ya moto. Akachukua mtungi mrefu wa udongo, akapanga: biskuti, forosadi, mtindi mzito, tena biskuti, forosadi, mtindi. Alipobakisha robo ya juu, akashindilia pumba za mahindi, akapaka mtindi kiduchu na kupamba kwa forosadi tatu.

"Mama, hizo si pumba?" aliuliza kitindamimba wake.

"Ni pumba. Hilo ni tabaka la wakubwa."

Arusini, Tembo aliufikia mtungi kwanza, mkonga mbele.

"Upawa, mzee!" alisema Kongoni. "Kwangu hakuna kuchovya pua. Na mtu huchota juu. Kuchimbua ni utovu wa adabu."

"Adabu naijua!"

Tembo akachota mara tano, akatupia kinywani. Fwaa! Pumba zikamtoka puani.

"Kho! Kho!"

"Vipi, babu?" aliuliza bibi arusi. "Ni tamu?"

Mbele ya wakwe, nani angesema hapana?

"Tamu... kho!... tamu mno, mjukuu wangu. Kifaru, chota nyingi!"

Kifaru akachota mara tano. Machozi yakamtoka. Lakini ateseke peke yake kwa nini?

"Kiboko, ndugu yangu, usikose!"

Kiboko akamaliza pumba zote. Ulimi ukagandamana na kaakaa; hakuweza hata kutukana.

Ikawa zamu ya wadogo: Digidigi, Nguchiro, watoto wa Pimbi, na Panya mwisho kabisa. Upawa ukatoka na rangi ya zambarau, harufu ikajaa banda zima.

"Nywaa! Nywaa! Mama, tamu!" Kitindamimba alikuwa amepakaa forosadi mpaka masikioni.

Tembo akanusa. "Mbona yao ni nyingine?"

"Mtungi ni huohuo, mzee," alisema Pimbi.

"Nipe, basi!"

"Zamu yako imepita. Labda upange foleni upya, nyuma ya Panya. Lakini tunapakua kwa ukubwa. Nyuma ya Panya husimama nani?"

Tembo akawatazama wakwe. Akautazama mtungi. Mate yakamshuka: glu!

"Mimi ni mdogo kuliko Panya," alinong'ona.

"Hatusikii!" akadakia Nguchiro.

"MIMI NI MDOGO KULIKO PANYA!"

Paa la banda likatikisika.

"Basi niamkie," alisema Panya, mkono kiunoni.

"Shikamoo, kaka Panya."

"Marahaba, mdogo wangu." Panya akakwangua upawa wa mwisho polepole, akaula wote, akampa Tembo mtungi mtupu aushike.

Ndiyo maana nawaambia, watoto: anayeng'ang'ania kuchota wa kwanza asiwanunie waliokula mwisho.