Kalibu ya Mwanamvua

Hapo kale, kompyuta hazijaanza hata kushika vumbi, nyuma ya vioo vyake kulikuwa na mji. Anayebisha akawaulize waliosoma. Watazunguka weee, mwisho watasema haya haya.

Katika mji huo kila kitu kilifinyangwa kwa mkono, kimoja kimoja. Aliyetaka kuku kumi alifinyanga mara kumi, na huyo wa kumi alitoka hana mkia, mfinyanzi kachoka.

Fundi wao alikuwa Mwanamvua, mjane mwenye binti mmoja, Siwema, ambaye kila alipocheka alimalizia na kikohozi kidogo. Siwema akafutika, huko ndiko kufa kwao. Mama akamfinyanga upya mara arobaini, na mara zote arobaini kicheko kilikosea.

Ndipo akabuni kalibu, chombo cha kuupa udongo umbo. Ilikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya kimo na nafasi ya kicheko. Ukizijaza, kitu hutoka kizima. Sharti lake useme kwanza "mpya", udongo ujue kwamba anazaliwa mmoja, mwenye nafsi yake.

Siku ya kwanza alikuwa na pupa ya kumwona mwanawe. Akajaza yote, neno akalisahau. Kalibu, kwa kukosa wa kumpa sifa zile, ikazimwaga mjini. Kisima kikawa Siwema. Mbuzi wakacheka, wakamalizia na kikohozi. Jirani yake, Bi Mkasi, akaja kashika kiuno.

"Shoga, tangu asubuhi namwita mume wangu, ananiambia yeye ni Siwema. Nirudishie yule mvivu wangu."

Mwanamvua akafuta yote, akajaza tena, na safari hii akatamka neno. Akatoka msichana wa kimo kile kile, mwenye kicheko kile kile na kikohozi chake. Mama akamfungulia mikono.

"Shikamoo," msichana akasema kwa adabu. "Samahani mama, wewe ni nani?"

Mwanamvua akamwitikia, akampa uji, akamlea.

Na tangu siku hiyo, wanaojifunza kuandika programu huanza jina la kalibu kwa herufi kubwa, iwakumbushe lile neno, na hutamka "mpya" kwa kila kitu wanachokiunda. Anayesahau humwaga sifa mji mzima, akachekwa.

Mwanamvua naye huchekwa. Maana ziko siku humtuma yule binti kuni, akajaza kalibu, neno akalisahau kwa makusudi. Kisha hukaa barazani na kuita, "Siwema," mara moja tu, mji wote ukamwitikia.