Mgeni wa Chemchemini

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mbona mnaitikia kama mmelazimishwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kiitwacho Chemchemini. Mji mkubwa ulikuwa mbali, lakini kila mwaka ulisogea. Ukameza mashamba ya mihogo, ukameza malisho, mpaka ukafika Chemchemini. Basi shamba likaanza kuitwa kiwanja, na kila mtu akajiona wa mjini.

Siku moja akahamia Fisi. Akazungusha ukuta mrefu, na chemchemi ya wote ikabaki ndani. Getini akaandika: MBWA MKALI. Kisha akamwajiri Mbwa, mzaliwa wa hapo hapo, ambaye hajawahi kung'ata hata kiroboto.

"Mgeni akija, mng'ate!" akaagiza Fisi.

"Sawa, bosi."

Fisi akaenda zake kazini, mjini.

Akaja Mama Bata na ndoo, vifaranga wakilia kiu. "Hodi!"

"Nani?"

"Mimi Mama Bata."

"Aa, shangazi! Wewe si mgeni. Pita uchote."

Akaja Babu Kobe. "Hodi!"

"Nani?"

"Mimi Kobe."

"Babu, si wewe uliyenipa jina? Pita uchote."

Jioni akaja Fisi mwenyewe. Hodi hakubisha. Akasukuma geti, pwaa!

Mbwa akawaza: huyu kwao sikujui, ukoo wake siujui. Mgeni ndiye huyu! Akamtia meno makalioni.

"Mjinga wewe! Mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Kazi umenipa, bosi, sikatai. Lakini hapa nani anakujua?"

Fisi akakimbilia kwa majirani, wakamshuhudie kwa Mbwa. Kobe akasema, "Wewe hupita bila salamu. Sikujui." Kanga akasema, "Mimi nimezoea kuuona mgongo wako tu. Sikujui."

Akabaki Mama Bata. Akamtazama, akamwonea huruma. "Jina lako nani, mwanangu?"

Fisi akaona haya. Tangu ahamie, hakuwahi kumwambia mtu jina lake. "Naitwa Fisi, mama."

"Kwenu wapi?"

Fisi akasita. "Hapa."

"Basi hapa hatunyimani maji."

"Geti nitaling'oa, mama. Naapa."

Wakarudi pamoja. "Hodi!" akaita Mama Bata.

"Nani?"

"Mimi, na jirani yetu Fisi."

"Karibuni!" akasema Mbwa, akitikisa mkia.

Wanangu, ukihamia mahali, tafuta majirani kwanza, ndipo ujenge ukuta. Asiyejulikana na jirani ni mgeni hata nyumbani kwake.

Nimemaliza kusimulia. Palipokolea ni penu, palipochacha niachieni mwenyewe.