Mdomo Ukisoma Peke Yake

"Mdomo ukisoma peke yake, kuku hanywi." Jana mlimsikia mama yenu akimwambia mdogo wenu hivyo, mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza kuku anaingiaje kwenye mambo ya kusoma. Basi ketini, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kijijini alikuwepo fundi baiskeli aitwaye Senkondo, aliyefuga kuku. Binti yake Namkunda alikuwa darasa la nne, na alisoma kwa sauti nzuri, maneno yakitiririka bila kukwama. Wapita njia walisimama kumsikiliza. Lakini shuleni, maswali ya ufahamu yalimshinda kila mara. Baba yake alidhani ni uvivu, akawa anamgombeza.

Mwaka huo kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kiliingia kijiji cha jirani, kikafagia mabanda ya watu. Senkondo akanunua chanjo ya kuchanganya na maji. Akampa Namkunda karatasi ya maelezo asome, huku yeye akisugua vyombo vya kuku. Binti akasoma yote. Baba akaitikia kwa kichwa, akachanganya dawa, akaiweka uani.

Kuku wakaja, wakaitazama, wakaenda zao kuchakura. Jua likapanda, na dawa ikaharibika bila kunywewa.

"Hebu soma tena," Senkondo akasema.

"Wanyime kuku maji kwa saa mbili kabla ya kuwapa chanjo," Namkunda akasoma.

"Maana yake nini?"

Namkunda akaanza kuirudia sentensi ile ile.

"Usisome, mwanangu. Funika karatasi. Niambie kama unavyomweleza mdogo wako."

Binti akaifunika karatasi kwa kiganja. "Kuku wawe na kiu kwanza," akasema taratibu. "Ndipo watakunywa dawa."

"Na sisi asubuhi tulifanyaje?"

"Mama aliwajazia maji, baba. Walikunywa wakatosheka."

Senkondo akakaa chini kwenye kigoda. "Kosa si lako peke yako," akasema. "Mimi nimesikiliza sauti yako, sikusikiliza maneno. Na siku zote nimekuwa nikikugombeza bure."

Kabla hajapata dawa nyingine, kideri kilifika. Kuku watano walikufa, na mmoja alikuwa tetea wa Namkunda mwenyewe. Mtoto alilia, na baba yake hakumwambia anyamaze.

Tangu hapo wakajiwekea desturi. Baada ya chakula, Namkunda alisoma kipande kidogo cha hadithi, akafunga kitabu, akasimulia kwa maneno yake. Baba aliuliza, "Kwa nini alifanya hivyo? Unadhani sasa itakuwaje?" Mara nyingine walibishana, mama akaingilia kutoka jikoni, wakafungua kitabu kuona nani yuko sahihi. Mwanzoni Namkunda alichoka na kununa. Baadaye akawa ndiye anayewaita wazazi wake waje.

Msimu wa chanjo uliporudi, alisoma sentensi moja, akaweka karatasi magotini.

"Mama, leo usiwape kuku maji mpaka nikwambie," akasema.

Dawa ilipotoka, kuku walikimbilia vyombo wakisukumana, na Senkondo akacheka mpaka akashika mbavu. Maswali ya ufahamu nayo Namkunda aliyapata mwaka huo, si yote, lakini mengi. Majirani wakawa wanawaambia watoto wao waliosoma mbio mbio maneno mliyoyasikia jana, nasi tumeyarithi: mdomo ukisoma peke yake, kuku hanywi.