Kome Waliokataa Kuachama

Sogeeni, sogeeni, na anayesinzia aende akalale. Kisa hiki hakitaki mikoromo. Hapo kale, kale ya kale, bahari na nchi zikiwa bado zinagombania mipaka, palikuwa na kijiji juu ya mwamba. Kijijini palikuwa na mke mpya, jina lake Mize.

Desturi ya watu wale, mke mpya huwapikia wakwe kome aliowachokoa mwenyewe miambani. Chungu kikichemka, kome huachama, magamba yake mawili hufunguka. Asiyeachama hutupwa, maana alikufa kabla ya moto, naye huua. Hamkujua? Basi jueni!

Siku ya Mize maji hayakupwa vizuri. Akachokoa, akachokoa, akapata nusu kikapu. Akapika. Wachache wakaachama. Wengine, kimya. Na nje wakwe wamekwisha kunawa.

"Mwali!" akaita mavyaa wake, mama wa mumewe, Bi Mwanatumu. "Wapika kome au wapika mawe?"

Watu wakacheka. Mize jasho likamtoka. Sahani haijai! Watasema mvivu, watamrudisha kwao. Akashika kisu. Akabanua mmoja. Akabanua wa pili. Akawabanua wote, akamwagia tui zito, sahani ikafurika.

Akaiandaa, akarudi kusimama mlangoni, moyo pu, pu, pu. Bi Mwanatumu akachagua kome mnono, akampulizia mjukuu aliyempakata.

"Fungua kinywa, bwana mdogo. Haya, fungua."

Mtoto akafungua.

"Mama, usimlishe!" Mize akaruka, akaupiga mkono wa mavyaa, kome akaangukia huko. Mkono wa mavyaa, wanangu! Mbele ya watu!

"Una wazimu?"

"Hawakuachama, mama. Nimewabanua kwa kisu. Nilitaka sahani ijae."

Bi Mwanatumu akainuka, akaimwaga sahani yote jaani. Mize akaingia ndani kufunga nguo zake bila kuambiwa.

"Waenda wapi?"

"Kwetu."

"Na muhogo atamenya nani? Watu wana njaa kwa ajili yako. Shika kisu, safari hii kwa kazi yake!"

Wakala muhogo kwa chumvi, wakinung'unika. Bi Mwanatumu alimnunia Mize mpaka mwezi mwingine ukaandama, msidanganyike. Lakini yule mtoto alilala, na asubuhi akaamka akililia uji.

Basi ukikosea, sema. Sema tonge lingali mkononi, hata kama utachekwa, hata kama utanuniwa.

Chungu changu kimekauka. Aliyeshiba anawe, mwenye njaa akachokoe wake.