Kadi ya Sitaki

Mama mmoja, jina lake Mwajabu, alikuwa na binti wa miaka minne aliyeitwa Zuwena. Mtoto alikuwa na usonji, na hakusema neno. Mwalimu wake wa chekechea akamchorea kadi, akazitia katika kifuko cha kuvaa kiunoni: maji, uji, ndizi, choo, kulala. Akitaka kitu, achomoe picha yake na kumpa mtu mkononi. Miongoni mwa kadi hizo ilikuwamo moja ya kiganja kilichoinuliwa. Maana yake: sitaki.

Mwajabu aliipenda kazi ile yote isipokuwa kiganja. Kwao mtoto akiitwa huitika "abee", wala hamkatalii mkubwa, tena mbele ya wageni. Mwanawe alikwisha kupungukiwa maneno. Asije akapungukiwa na adabu pia. Akaitoa kadi ile, akaificha chini ya godoro.

Zuwena alijifunza upesi. Akaomba maji, akaomba choo, na majirani wakaja kutazama, wakasifu. Lakini likazuka jambo jingine: akaanza kuuma. Alimuuma msusi, akamuuma shangazi yake aliyetaka kumkumbatia, akawauma wenzake darasani, hata wazazi wengine wakasema asirudi tena. Mwajabu alikaripia, wapi! Hofu ikamshika kwamba mwanawe atafukuzwa mahali pekee palipompa njia ya kusema.

Ndipo akaacha kukaripia, akaanza kutazama, maana udadisi nao ulikuwa umemwingia. Akaona ajabu. Kabla ya kuuma, mtoto hupekua kifuko. Hupitia picha zote, akarudia tena toka mwanzo, na akikosa ndipo huuma. Sasa anatafuta nini, na kila anachohitaji kimo humo? Swali lile lilimnyima raha, akalipeleka kwa mwalimu.

Mwalimu akamwaga kadi mezani, akazitazama, akauliza kwa upole, "Mama Zuwena, ya kukataa iko wapi?"

Mwajabu alirudi nyumbani, akainua godoro.

Asubuhi akamwekea mtoto bakuli la uji kama kawaida. Zuwena akapekua, akatoa kiganja, akampa mama yake mkononi. Hasira ilimpanda Mwajabu. Akaimeza, akaliondoa bakuli. Mtoto akatulia. Kisha akapekua tena, akampa picha ya ndizi. Kumbe miezi yote ile ya kunyweshwa kwa nguvu hakuwa mkaidi; uji ulimchukiza tu. Mwajabu aliona aibu, halafu akacheka hadi machozi yakamtoka, kwa kuwa siku ile ndipo alipoanza kumjua mwanawe ni mtu wa namna gani.

Basi ninyi mnaoomba walio chini yenu wafungue vinywa: mnataka waseme, au mnataka waitikie?